Jinsi ya kumalizia filamu fupi bila watu kuuliza "ndo imeisha hivyo?"

Machalii wa Chuga (Arusha) na wa Moshi mnaonitumia skripti zenu, swali ni lilelile kila mara: "bro mwanzo uko freshi, katikati moto, ila mwisho umenigomea." Wengine hata hawaulizi, wanaingia tu kushuti, wanafika sini ya mwisho jua linazama, betri inakata, mwigizaji anataka kuwahi kifodi (daladala) cha Kwa Mrombo, basi wanaamua hapohapo stelingi, yaani mhusika mkuu, apigiwe simu aambiwe ameshinda milioni hamsini. Naandika hii mara moja, atakayeuliza tena namtumia hii.

Naongelea filamu fupi, dakika 10 mpaka 20 hivi, ya simu au kamera ya kuazima. Ya saa mbili ina mambo yake ingawa mengi yanafanana.

Nadharia ni kidogo sana, usikimbie. Mwanzo wa muvi unamwekea mtazamaji swali kichwani na mwisho unamjibu. Akijibiwa swali lake, kwa namna ambayo hakuitegemea lakini akikaa akafikiria anaona kweli isingeweza kuwa vingine, anatoka ameridhika hata kama stelingi kafa. Akijibiwa swali lingine ambalo hakuuliza, au jibu likaletwa na mtu ambaye hakuwepo kwenye muvi, anatoka amenuna hata kama watu wameoana na keki imekatwa. Furaha au huzuni sio ishu kabisa, na hapo ndo wengi wanapopotea, wanadhani mwisho mbaya ni ule wa huzuni.

Vitu vya kuwa navyo kabla hujaanza

- Hadithi uliyoiandika yote, hata kama mbovu. Kama una wazo tu huna hadithi, kaandike kwanza urudi.
- Daftari na kalamu. Simu inafaa ila ukiandika kwenye simu utafuta, na hutakiwi kufuta.
- Watu watatu au wanne wasiokupenda sana. Namaanisha sio mama yako, sio demu wako, sio jamaa aliyeshika kamera. Muuza chipsi wa jirani anatosha kabisa.
- Saa moja ya kukaa peke yako bila bando.

Ili nisiongee hewani nitatumia hadithi moja mpaka mwisho. Kijana anaitwa Elisante, kwao Machame, anaishi Arusha, alikuwa anafanya kazi kampuni ya utalii, msimu wa masika wageni walipopungua akapunguzwa kazi na nyumbani hajasema. Desemba imefika, si mnajua Desemba kule Kilimanjaro, kila Mchaga anapanda nyumbani na kila mtu anaangaliwa amekuja na nini. Eli anakodi gari, Harrier, kwa Mama Glory wa Sakina, anapanda nayo kwa wazee kama ya kwake. Basi.

Hatua

1. Andika swali la muvi kwa sentensi moja.

Soma kurasa zako za mwanzo halafu jiulize, mtu akiangalia hizi dakika mbili anataka kujua nini? Liandike juu ya ukurasa kwa herufi kubwa. Kwa Eli swali sio "je atapata kazi?" na wala sio "je watamgundua?", japo zote zinanukia humo. Swali ni "je, atamwambia baba yake ukweli kwa mdomo wake mwenyewe?" Ona tofauti. Ukichukua swali la kazi, mwisho wako utakuwa simu ya bosi. Ukichukua la kugunduliwa, mwisho utakuwa Mama Glory anatokea Machame anapiga kelele. Ukichukua hilo la tatu, mwisho uko mikononi mwa Eli na hapo ndo patamu.

Watu wananiambia ah, mwisho ukijulikana muvi imekufa. Sio kweli. Titanic imetoka 1997, kila aliyeingia kuiangalia alijua meli imezama mwaka 1912, siri hakuna hata chembe, na bado watu wamelia. Kwa sababu swali halikuwa meli itazama au haizami, swali lilikuwa yule dada ataishi maisha gani na nani atamchagulia, na kile kito ambacho mwanzoni wanakisaka chini ya bahari kiko wapi. Mwisho unajibu vyote viwili.

Ukishindwa kuliandika swali kwa sentensi moja, tatizo lako sio mwisho, ni mwanzo. Rudi huko, usiendelee na hatua ya pili.

2. Andika miisho mitano, haraka haraka.

Mistari miwili kila mmoja, usihukumu, usifute. Wa kwanza utakaokujia karibu kila mara ni ule ulioshauona mahali, na mtazamaji naye alishauona mahali, kwa hiyo ameshafika kabla yako. Miisho ya Eli niliyowahi kuletewa au kuifikiria: anapigiwa simu amepata kazi, anapata ajali wakati wa kurudi, anaamka kumbe ilikuwa ndoto, baba anagundua anamfukuza, baba alijua siku zote akanyamaza. Wa tano huo una kitu. Tubaki nao.

Kuhusu ndoto naomba nisiulizwe tena. Mtu amekupa dakika zake 15, amemwonea huruma kijana wako, halafu unamwambia hakuna kilichotokea. Hata kama umeipamba vipi na muziki, umemdhulumu.

3. Rudi mwanzo ukapande.

Hii ndo hatua inayorukwa kuliko zote na ndo inayobeba kila kitu. Mwisho ukionekana umedondoka kutoka mbinguni, mara nyingi dawa haiko kwenye mwisho, iko dakika ya tatu. Kitu chochote kitakachofanya kazi mwishoni lazima mtazamaji awe amekiona mapema bila kujua anakionea nini.

Mfano wa hapahapa kwetu. Hatari!, muvi ya Howard Hawks ya mwaka 1962, John Wayne yumo, imeshutiwa pande za Momella chini ya Mlima Meru enzi hizo nchi ikiitwa Tanganyika. Ni ya wakamata wanyama wanaowapeleka zuu. Mle ndani kuna mpiga picha wa kike anayelea watoto watatu wa tembo, anawanywesha maziwa, anawaogesha, wanamfuata kila anakokwenda mpaka anaitwa Mama Tembo. Katikati unaona ni vichekesho tu vya kupoza kati ya msako na msako. Mwishoni dada anaamua kuondoka, jamaa wanamtafuta mjini Arusha, na wanaomtafuta hasa ni wale watoto wa tembo, wanakimbia mitaani mpaka wanamkuta hotelini. Ni kichekesho, ni upuuzi ukipenda, lakini hakuna anayeuliza "hawa tembo wametoka wapi?" kwa sababu tumekuwa nao muvi nzima. Sasa chukua sini hiyohiyo uweke tembo ambao hatujawahi kuwaona. Ungezima.

Kwa Eli tunapanda hivi. Baba yake tunamfanya dereva mstaafu wa lori. Jioni ya kwanza gari likiwa uani mzee anafanya ambacho dereva yeyote mstaafu angefanya, anafungua boneti, anachungulia oili, na pale pembeni kuna kile kikadi ambacho mafundi huwa wananing'iniza ukibadilisha oili, kimeandikwa tarehe, kilomita, na jina la mwenye gari. Kamera ipite hapo sekunde moja tu, mkono wa mzee unakigeuza kidogo, unakiacha. Anafunga boneti. Anasema "gari zuri" na anaingia ndani. Hakuna muziki wa kushtua, hakuna kumzumu uso wake. Mtazamaji mkali atahisi kitu, wa kawaida ataona mzee anapenda magari.

Onyo: usipande kwa kelele. Nimeona skripti mhusika anasema "hili jina kwenye kadi ni la nani jamani?" dakika ya tatu. Asa umeshatoa mwisho bure.

4. Stelingi amalize mwenyewe.

Aliyeanzisha msala ndo aumalize. Polisi wakitokea dakika ya mwisho, mchungaji akitokea, mjomba kutoka Marekani akitokea, umemwondoa stelingi kwenye muvi yake. Mgiriki Aristotle aliwalaumu waandishi wa michezo kwa mtindo huu zaidi ya miaka 2300 iliyopita, mambo yanakwama kisha wanamalizia kwa kitu kutoka nje ya hadithi, kwa hiyo hatuna pa kujificha tukisema hatukuambiwa.

Bahati inaruhusiwa kumwingiza mtu kwenye matatizo. Kumtoa hapana.

Sasa mwisho wa Eli rasimu ya kwanza ulikuwa hivi: asubuhi ya kuondoka, mzee anakuja na mikungu miwili ya ndizi mshare, anaiweka kwenye buti, anasema, "Huu wa kwako mwanangu. Na huu mpelekee Mama Glory, mwambie asante kwa gari." Mwisho, giza, majina.

Mstari ni mtamu, najua, kila niliyemsomea alicheka kisha akanyamaza. Lakini uangalie tena na swali letu juu ya ukurasa. Je, atasema kwa mdomo wake? Hatujajibu. Tumejibu kwamba mzee ni mjanja, tumemgeuza mzee kuwa stelingi. Kwa hiyo mstari unabaki ila muvi inaendelea sekunde thelathini zaidi. Mzee akishasema anaondoka kwenda kufungua geti, analiacha wazi, barabara nyeupe. Hakuna anayemzuia Eli. Anaweza kukanyaga mafuta akafika Arusha mchana na wasizungumzie tena maisha yao yote, na familia nyingi huwa zinafanya hivyo. Eli ameshika usukani. Anazima gari. Anashuka. Tunakata.

Anachosema hatukisikii. Kuzima gari ndo kusema kwenyewe.

5. Weka bei.

Uamuzi usiogharimu kitu hauridhishi. Ukweli wa chumbani wawili peke yao ni rahisi, kwa hiyo nimejaza uani: mashangazi wawili na mtoto wamekuja na mabegi wakiomba lifti mpaka Moshi mjini, wanashuhudia, na wiki nzima wamekuwa wakimsifia Eli kwamba ndo mtoto aliyefanikiwa. Akizima gari mbele yao ameuza sifa zote hizo. Hatuhitaji afe wala alie. Aibu mbele ya shangazi Machame ni bei kubwa ya kutosha.

Wengi wakisikia bei wanaua watu. Watu watatu wamekufa kwenye muvi ya dakika 12, hata majina yao hatujayashika. Kifo bila sisi kumjua mtu ni bei ya bure.

6. Kata mapema.

Ukimaliza kushuti, kwenye kuediti tafuta sekunde ambayo swali limejibiwa, hesabu pumzi mbili tatu, kata. Kwa filamu fupi chochote baada ya hapo kinakula utamu. Eli kukumbatiana na baba, mama kuleta chai, sauti ya msimuliaji inayosema "tangu siku hiyo nilijifunza", kile kibao cheupe kwenye giza kinachoandika TUSIWADANGANYE WAZAZI WETU, toa vyote. Najua kibao hicho tumekirithi, tumekua nacho, lakini kinamwambia mtazamaji hukuelewa ngoja nikueleze, na hakuna mtu mzima anayependa hiyo.

"Itaendelea sehemu ya pili" nayo toa. Enzi za kuuza CD mbilimbili ilikuwa biashara, hata hivyo watu walikuwa wananung'unika. Wewe sehemu ya pili huna, hata hela ya nauli ya waigizaji huna.

7. Ionyeshe kwa wale wasiokupenda.

Editi mbaya inatosha, bila rangi, bila muziki. Kaa nyuma yao uangalie migongo sio skrini. Mtu akianza kutoa simu andika dakika. Ikiisha usiulize "mmeipenda?" maana Mswahili akiwa mgeni wako atasema nzuri tu. Uliza matatu: ulikuwa unataka kujua nini? umejua? ulijua saa ngapi kwamba itaisha hivyo? Majibu ya swali la kwanza yasipofanana na ile sentensi uliyoandika juu ya ukurasa, muvi uliyotengeneza sio uliyoandika.

Na uwasikilize kweli. Rambo ya kwanza, First Blood ya mwaka 1982, wale mnaoipenda kwa bunduki, walishashuti mwisho ambao Rambo anakufa. Kwenye kitabu anakufa pia. Wakaionyesha kwa watazamaji wa majaribio, watu wakachukia, ikawekwa ile tunayoijua, jamaa analia mbele ya kanali wake kama mtoto kisha anajisalimisha. Lile jitu lililosumbua mji mzima linamalizia kwa kulia na hakuna kibanda umiza (vibanda vya mtaani vya kuonyesha muvi) nilichokaa watu wakasema imepoa. Kwa sababu kutoka mwanzo alikuwa anatafuta mtu wa kumsikiliza, na kilio ndo kilikuwa kinadaiwa.

Ila tofautisha. Mtazamaji anajua sana wapi panauma, hajui sana dawa. Akikwambia "mngemwua yule mzee" usimwue mzee, andika kwamba hapo pana tatizo.

Mambo ya siku ya kushuti

Mwisho usishuti siku ya mwisho. Panga siku ya pili au ya katikati watu wakiwa na nguvu na hela ya chakula ipo. Kama unataka Kibo, kile kilele cha Kilimanjaro, ionekane nyuma ya Eli akishuka kwenye gari, fika alfajiri, mara nyingi asubuhi ikisogea mawingu yameshafunika na utakaa mpaka jioni unaangalia ukungu. Masika usijaribu, hilo Harrier litakwama kwenye tope halafu unayo muvi nyingine. Na shuti sekunde kumi za ziada mwisho wa kila sini ya mwisho, usiseme "kata" mapema, mwache mwigizaji akae, mara nyingi uso mzuri unakuja baada ya yeye kudhani mmemaliza.

Ukikwama

"Watu wanauliza, ndo imeisha?" Kuna mambo mawili hapa. Ama swali halijajibiwa, rudi hatua ya kwanza, ama limejibiwa kwa ukimya sana wakapitwa. Kama ni la pili, usiongeze maneno, ongeza sauti: mlango wa gari kufungwa, injini kuzimika kabisa na kuku kusikika. Mwisho wa kuacha swali wazi unaruhusiwa lakini uwe wazi kwa kitu kimoja tu. Hatujui baba atajibu nini, sawa. Hatujui Eli ameamua nini, hapana.

"Wamejua mapema." Sio kosa kila mara. Waulize kama walichoka kusubiri au walikuwa wanaogopa kufika. Kama walichoka, umepanda kwa kelele, punguza pale kwenye boneti.

"Wanacheka pasipochekesha." Mara nyingi ni muziki. Zima muziki wote wa sini ya mwisho uangalie tena kabla hujamlaumu mwigizaji.

"Nimeshamaliza kushuti, mwisho ni mbovu na mwigizaji karudi chuo Dodoma." Jaribu kukata sini ya mwisho nzima uone kama ya kabla yake inaweza kubeba, utashangaa ni mara ngapi inabeba. Isipobeba, una zile sekunde kumi za ziada kama ulinisikiliza, na unaweza kumrekodi sauti kwa simu akiwa hukohuko, ajifunike blanketi asitoe mwangwi, ukaiweka juu ya picha ya mgongo wake au ya gari. Picha ya gari unaweza kuishuti hata bila yeye. Kukodi tena Harrier siku moja ni gharama, ila kwa picha ya ndani, mkono na swichi ya gari tu, gari lolote linafaa, na mkono wowote mweusi wenye shati lilelile.

"Nimwekee mtazamaji tukio la kushtukiza mwishoni?" Ukiweza kunionyesha dakika uliyolipanda, weka. Usipoweza, acha.

"Majina ya washiriki nayaweka na klipu za waigizaji wakikosea na kucheka?" Kama muvi ni ya vichekesho, sawa. Kwa ya Eli hapana, weka majina kwenye weusi, kuku waendelee kusikika chini kwa chini, na hakikisha umeandika majina ya watu sawasawa, hasa ya waliokupa uwanja na ndizi.